Fuso ya zamani imeanza kuvuja baada ya kuwekewa oili ya sinthetiki: je, kosa ni la oili?

Msafirishaji wa viazi, Uyole

Heshima kwenu wakubwa, na wadogo nawasalimu. Nina Fuso Fighter ya mwaka 1994 yenye injini ya 6D16 isiyo na turbo. Kazi yake kubwa ni kupakia viazi Isyonje na kuvipeleka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa kwenda peke yake. Nimekuwa nayo kwa miaka 11, na kwa miaka yote hiyo nimeitumia oili nzito ya namba 40, ile ya kawaida inayouzwa kwa ndoo, nikiibadilisha kila baada ya safari tatu za kwenda na kurudi. Kuvuja kwake hakukuwa kwa kunisumbua. Palikuwa na jasho kidogo kuzunguka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na vumbi lililoganda juu ya jasho hilo, hali ambayo kila mwenye gari la umri huo anaijua na analala nayo usingizi.

Mwezi Mei muuza oili mmoja alinishawishi nihamie kwenye sinthetiki ya 5W-40. Hoja yake ilikuwa kwamba asubuhi za Juni na Julai huku kwetu injini hupata taabu kuwaka, na kwamba oili nyepesi ingeisaidia. Kwa hilo sikudanganywa, kwa sababu tangu siku ya kwanza gari linawaka kwa kuguswa tu, na ule mlio wa vyuma vikavu niliokuwa nikiusikia kila alfajiri umepungua sana.

Tatizo lilianza wiki ya tatu. Kwanza niliona matone chini ya gari asubuhi, kisha niliporudi kutoka safari ya pili nikakuta upande wote wa chini umelowa, kuanzia kwenye sampu hadi kwenye giaboksi, na nilikuwa nimeongeza lita mbili na nusu njiani kwa kwenda tu. Moshi wa bluu hautoki, kwa hiyo siamini kwamba oili inaungua. Fundi wa kwanza ameniambia nishushe giaboksi nibadilishe sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili mahali mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma. Wa pili ameniambia nimwage oili yote leo hii nirudi kwenye namba 40. Wa tatu amenishauri nimimine chupa ya dawa ya kuziba. Wote watatu ni watu ninaowaheshimu, na ndiyo maana nimebaki katikati.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: je, oili hii ndiyo iliyoharibu sili zangu, na je, nikirudi kwenye oili ya zamani, uvujaji utakoma?

Dereva mstaafu, Mafinga

Ndugu yangu wa Uyole, mimi nimebeba mbao za Sao Hill kwa Scania kwa miaka mingi kabla ya kupumzika, na yaliyokupata yalinipata. Tajiri wangu alisikia habari za sinthetiki, akaninunulia ndoo mbili, na kabla ya mwezi kuisha lori lilikuwa likiacha alama kila liliposimama, hata kwenye mizani nikawa naona aibu. Tulirudi kwenye oili ya zamani. Uvujaji ulipungua, nasema ulipungua, kwa sababu haukurudi kamwe kuwa kama ulivyokuwa mwanzo. Palipokuwa na jasho paliendelea kutoa tone.

Ushauri wangu ni kwamba gari lililozeeka na chakula chake lisibadilishiwe chakula uzeeni. Rudisha namba 40, kagua kiasi cha oili kila unapojaza dizeli, na usipande mlima wa Kitonga bila dumu la akiba. Mengine waachie mafundi.

Fundi wa dizeli, Mafiati

Ndugu msafirishaji, nashukuru kwa sababu umeeleza kwa utaratibu, na ndani ya maelezo yako kuna jambo ambalo mafundi wote watatu wamelipita. Umesema kuna matone ya asubuhi, na umesema kuna lita mbili na nusu zinazopotea njiani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nitayatenganisha.

Tuanze na asubuhi. Namba 40 uliyoizoea na 5W-40 uliyowekewa zina uzito unaofanana injini ikiwa ya moto. Hilo halitokani na hisia za mtu. Kipimo cha kimataifa kinataka oili yoyote inayoitwa 40, iwe ya kawaida au ya sinthetiki, iwe na mnato kati ya sentistoki 12.5 na 16.3 kwenye nyuzi joto 100. Tofauti yao ni kwenye baridi. Alfajiri ya Juni hapo Uyole au kule Isyonje, namba 40 imeganda kama asali ya kwenye chungu, ilhali 5W-40 bado inatiririka. Ukizima gari jioni, oili ya zamani iliyokuwa imekaa nyuma ya gasketi yenye ufa ilikuwa ikiganda kabla haijapita, na usiku kucha haikusogea. Hii mpya inaendelea kupita polepole mpaka injini ipoe kabisa, na hata baada ya hapo. Kwa hiyo matone ya asubuhi yanaelezeka kwa wepesi wa oili peke yake, na kama yangekuwa hayo tu, ningekwambia uweke kipande cha boksi chini ya gari na uendelee na kazi.

Lakini lita mbili na nusu zinapotea barabarani injini ikiwa ya moto, mahali ambapo oili zote mbili zina uzito uleule. Wepesi hauwezi kuwa jibu hapo. Kuna mawili: ama njia iliyokuwa imezibwa imefunguka, ama kuna shinikizo ndani ya injini linaloisukuma oili nje kwa nguvu kuliko zamani. Inawezekana pia yakawa yote mawili.

Habari ya njia iliyofunguka ni hii. Injini ya dizeli hutengeneza masizi, na oili nzuri ina sabuni ndani yake inayoyashika masizi hayo yaelee hadi siku ya kumwaga. Namba 40 nyingi za kwenye ndoo ni za daraja la zamani lenye sabuni kidogo, kwa hiyo kwa miaka 11 masizi yamekuwa yakitulia pembezoni: chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), kwenye kona za sampu, kuzunguka midomo ya sili. Tope hilo likikutana na gasketi iliyokauka, linageuka kuwa gasketi ya pili. Sasa umeleta oili yenye sabuni kali, ya daraja la CI-4 au CK-4 bila shaka (hizo ni alama za ubora wa oili za dizeli), nayo inafanya kazi yake. Ukivuta kijiti cha kupimia utaona imekuwa nyeusi upesi kuliko ile ya zamani, na watu huona weusi huo wakadhani oili ni mbaya, wakati ni tope la miaka yote linaloondoka. Gasketi ya pili imesafishwa, na ile ya kwanza ilikuwa imekufa siku nyingi. Ndugu yetu wa Mafinga ametuonesha hilo bila kulitaja: alirudi kwenye oili yake, na uvujaji haukurudi ulipokuwa, kwa sababu tope likishaoshwa halirudi kwa mwezi mmoja.

Kutokana na hilo kuna jambo la haraka kuliko uvujaji wenyewe. Tope linalong'oka haliishii hewani, linakwenda kwenye filta na kwenye chujio la pampu ya oili. Badilisha filta sasa, usisubiri safari ya tatu, na tazama geji ya presha ya oili injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Ikiwa presha imeshuka kuliko ulivyoizoea, simamisha kazi kwanza, sampu ishushwe, chujio lisafishwe. Kuvuja kunakula fedha yako kidogokidogo, lakini chujio likiziba linakula krenki kwa siku moja.

Sasa habari ya shinikizo, na hapa ndipo ningependa uanzie kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa giaboksi. Kila injini ina gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, na gesi hiyo hutolewa nje kwa bomba la kupumulia linalotoka juu ya tapeti kava na kuning'inia chini. Bomba hilo likiziba, gesi haina pa kwenda, nayo inatafuta sehemu dhaifu, yaani sili na gasketi, na inatoka pamoja na oili. Nimeshaona watu wakibadilisha sili ya nyuma mara mbili katika miezi sita, wakimlaumu mwenye duka la spea, kumbe bomba la kupumulia limejaa matope. Washa injini ikiwa ya moto, iache sailensa, kisha fungua mfuniko wa kumiminia oili na uuweke juu ya tundu bila kuukaza. Ukitetemeka kidogo ni kawaida kwa injini ya umri huo. Ukirushwa, au ukiona moshi unatoka kwa kupuliza kama chupa ya chai ya moto, kuna shinikizo. Ondoa bomba la kupumulia lote, kisha rudia. Ikiwa sasa mfuniko umetulia, umempata mchawi wako bila gharama. Ikiwa bado unarushwa hata bomba likiwa limeondolewa, basi ringi zimechoka, na hakuna sili duniani itakayokaa hapo mpaka injini ifunguliwe.

Baada ya hapo osha injini. Nasema hivi kwa kurudia kwa sababu ndilo jambo linalodharauliwa kuliko yote. Ukiangalia injini iliyolowa kuanzia sampu hadi giaboksi huwezi kusema imevujia wapi, kwa sababu upepo wa mwendo hurudisha oili nyuma na uzito wake huishusha chini. Oili iliyoko kwenye giaboksi inaweza kuwa imetoka kwenye tapeti kava, mita moja mbele na juu yake. Iosheni kwa dizeli kisha kwa sabuni ya unga, ikaushwe, mpake poda ya mtoto kwenye maungio yote mnayoyafikia, kisha endesha kwenda Igawa na kurudi, na uingie chini na tochi. Poda itakuonesha ilipoanza kulowa. Anza kutazama juu, ushuke. Tazama tapeti kava, kava la taimingi mbele, kompresa ya hewa ya breki mahali inapofungwa kwenye injini, mabomba ya kupozea oili, na mwisho kabisa tazama tundu la chini la nyumba ya klachi. Oili ikitoka kwenye tundu hilo, inuse kwanza, maana oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti na hiyo ni sili nyingine kabisa.

Jambo la mwisho ni dogo lakini nimelikuta kwenye injini hizi. Vuta kijiti cha kupimia gari likiwa sehemu tambarare, si kwenye mteremko wa nyumbani kwako, na kinuse. Kikinuka dizeli, au kiasi kikipanda badala ya kushuka, pampu ya dizeli inapitisha dizeli kwenye oili, na hapo hata namba 40 yako ya zamani ingekuwa maji.

Muuza spea, Ipogolo

Kamwene, ndugu zangu. Fundi wa Mafiati amemaliza upande wa injini, mimi niongeze machache upande wa mpira, kwa kuwa hiyo ndiyo biashara yangu.

Sili nyingi zilizokuja na magari ya miaka hiyo ni za mpira wa naitrili. Mpira huo ni mzuri na ni wa bei ndogo, lakini ukikaa kwenye joto la nyuzi 100 na zaidi kwa miaka mingi hukauka, na mdomo wake unaopaswa kuukumbatia mhimili unakuwa mgumu kama kigae. Sili ya namna hiyo haijaharibiwa na oili yoyote ya mwezi uliopita. Kuna sili za mpira wa Viton zinazostahimili joto kubwa zaidi, na kwa sili ya nyuma ya krenki, ambayo kuifikia tu ni kazi ya siku nzima, mimi huwashauri wateja waongeze fedha wachukue hiyo. Msidanganywe na rangi. Wapo wanaosema ya kahawia ndiyo Viton na nyeusi ndiyo ya kawaida, lakini kiwanda kinaweza kupaka mpira rangi kinayotaka, kwa hiyo soma maandishi yaliyochapwa kwenye sili na kwenye boksi.

Kuhusu dawa ya kuziba, nami ninaziuza, kwa hiyo mnaweza kuniamini ninaposema mipaka yake. Nyingi zina kemikali inayoufanya mpira unywe kidogo, ulainike na kuvimba. Kwa sili iliyoanza kukauka inaweza kusaidia kwa muda, wakati mwingine kwa miezi. Haiwezi kuziba gasketi ya karatasi iliyopasuka, haiwezi kurudisha mdomo wa mpira uliokwisha kulika, na ukizidisha chupa ili ifanye kazi haraka, mpira unalainika kupita kiasi na sili inakuwa uji. Chupa hiyo ni ya mtu anayetaka kufikisha mzigo, akirudi afanye kazi yenyewe.

Na mkishashusha giaboksi, kabla ya kuweka sili mpya, mpitishe ukucha kwenye krenki mahali ambapo sili ya zamani ilikuwa ikisugua. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya ikikaa palepale itavuja tangu siku ya kwanza, na mtakuja dukani kwangu kugombana nami. Fundi anaweza kuiketisha milimita moja au mbili mbele au nyuma ya mfereji huo ikiwa nafasi ipo, au krenki ivishwe bangili nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mwalimu wa ufundi, Njombe

Naomba kuongeza maneno machache kwa sababu nimesoma hapo juu kwamba gari la zamani lisibadilishiwe chakula, na imani hiyo ina asili yake ambayo si uzushi mtupu. Oili ya kawaida iliyosafishwa kwa njia ya zamani ina kiasi fulani cha kemikali ziitwazo aromatiki ambazo huupenya mpira na kuuvimbisha kidogo. Oili za sinthetiki za mwanzo, zilizoingia sokoni miaka ya 1970, zilitegemea sana mafuta yanayoitwa polialfaolefini, ambayo hayaupenyi mpira hivyo, na badala yake huufanya usinyae. Mpira uliokuwa umevimba kwa miaka ukasinyaa ghafla, na magari yakavuja kweli. Watengenezaji waliliona hilo, wakaanza kuchanganya esta na viungo vingine vinavyouvimbisha mpira ili mizani irudi. Leo oili inayopewa daraja na taasisi ya mafuta ya Marekani inapimwa pia jinsi inavyoathiri mipira ya sili, kwa hiyo hofu hiyo ni kama sifa mbaya ya kijana ambaye amekwisha kuwa mzee mstaarabu.

Pia wengi hawajui kwamba neno sinthetiki kwenye ndoo halimaanishi kitu kimoja. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 uliotolewa huko Marekani katika mzozo wa matangazo, oili inayotokana na mafuta ghafi yaleyale ya ardhini, lakini iliyosafishwa kwa haidrojeni mpaka ikabadilika umbo, nayo imeruhusiwa kuitwa sinthetiki. Sehemu kubwa ya ndoo za bei ya kati zinazouzwa leo ni za aina hiyo. Kwa hiyo kabla hatujaihukumu sinthetiki, tuulize ni sinthetiki ipi, ya uzito gani, na ya daraja gani. Uzito na daraja vina uzito zaidi kuliko jina, samahani kwa kulirudia neno hilo.

Na iwapo ndugu yetu ataongeza oili ya kawaida juu ya sinthetiki akiwa njiani kwa kukosa ya aina yake, asiwe na wasiwasi wa kuharibu injini, kwa kuwa oili za injini zenye daraja zimetengenezwa zichanganyike. Atapunguza ubora tu.

Dereva mstaafu, Mafinga

Mwalimu, nimekusikia. Scania yangu ilikuwa ya zamani na oili ile sikumbuki iliandikwa nini kwenye ndoo, wala hatukusoma, tulitazama rangi ya ndoo. Lakini kuhusu dumu la akiba Kitonga sirudi nyuma. Ukipanda mlima ule na mzigo, oili yote hulalia nyuma ya sampu, na hapo ndipo sili ya nyuma inapokuonesha sura yake.

Msafirishaji wa viazi, Uyole

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa siku tisa kwa sababu nilitaka nirudi na majibu, si na maneno.

Nilianza na mfuniko kama nilivyoelekezwa. Ulirushwa. Haukutetemeka, ulirushwa ukaangukia kwenye bampa, na moshi ukatoka kwa mkupuo. Nilifadhaika kwa sababu nilijua maana yake ikiwa ni ringi. Tukatoa bomba la kupumulia, tukaurudisha mfuniko, nao ukatulia, ukabaki unachezacheza kidogo tu. Tulipolipasua bomba lile tukakuta mwisho wake wa chini umezibwa kwa udongo mgumu kama wa tofali. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ndani, na juu ya nyumba hiyo kulikuwa na uji wa kijivu wa oili na maji.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikulieleza kwenye swali langu, kwa sababu sikuona uhusiano. Mwezi Aprili barabara ya mashambani ilikuwa haipitiki kwa mvua, na gari lilikaa uwanjani kwa wiki tatu na nusu bila kuwashwa. Oili niliibadilisha siku lilipoanza kazi tena. Nyigu walikuwa wamekwisha kuhamia kabla ya sinthetiki haijafika, na mimi nimeitukana oili kwa miezi miwili.

Sisemi kwamba oili haina lake. Tuliiosha injini, tukaipaka poda, mke wangu akacheka sana kuona lori linapakwa poda ya mtoto, kisha nikaendesha hadi Igawa na kurudi. Tapeti kava ilikuwa imelowa upande mzima wa nyuma, na gasketi yake ilipotoka ilivunjika mkononi vipandevipande kama biskuti. Chini yake kulikuwa na mahali pa weusi mzito na mahali palipooshwa pakang'aa, na ufa ulikuwa palipong'aa, sawasawa na maelezo ya fundi wa Mafiati. Gasketi mpya imewekwa. Filta nilibadilisha, na nilipoikata nilikuta imejaa chembe nyeusi zinazofanana na kahawa iliyosagwa. Presha ya oili iko palepale ilipokuwa, nashukuru. Kijiti hakinuki dizeli.

Juzi nimerudi kutoka Dar es Salaam nikiwa nimeongeza nusu lita tu kwa safari nzima. Tundu la nyumba ya klachi lina unyevu, ni oili ya injini, nimeinusa, lakini haidondoki isipokuwa baada ya Kitonga, kama mzee wa Mafinga alivyosema. Dumu nilikuwa nalo.

Nimebaki na swali moja: kwa unyevu huo wa sili ya nyuma, nishushe giaboksi sasa, au nivumilie? Na niendelee na 5W-40 au nirudi namba 40? Ndaga fijo kwenu wote.

Fundi wa dizeli, Mafiati

Nyigu nimewahi kuwakuta kwenye bomba la moshi la pikipiki, lakini kwenye bomba la kupumulia la Fuso ni mara yangu ya kwanza kusikia. Bomba jipya lifungeni wavu mwembamba mwishoni, wenye matundu ya kutosha ili lisije likaziba kwa vumbi la Chimala, na mlitazame kila mnapobadilisha oili.

Sili ya nyuma isubiri. Nusu lita kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwenye injini ya mwaka 1994 haimlazimishi mtu kushusha giaboksi katikati ya msimu wa viazi. Klachi yako itakapoanza kuteleza, giaboksi itashuka kwa sababu hiyo, na siku hiyo sili ya Viton iwe tayari mkononi, umeshainunua kwa ndugu wa Ipogolo na umeshasoma maandishi yake. Ikiwa kabla ya hapo oili itaanza kufika kwenye sahani ya klachi na gari likaanza kuteleza kwenye mlima, usisubiri tena.

Oili namba 40 usiirudie, kwa kuwa umekwisha kulipa gharama ya kuoshwa kwa injini na sababu ya kuichafua upya haipo. Lakini 5W-40 nayo ni anasa kwa baridi yetu, kwa sababu ile 5W imetengenezwa kwa injini zinazowashwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na hata Makete hatujafika huko. Safari ijayo ya kubadilisha weka 15W-40 ya daraja la CI-4, ya kawaida au ya sinthetiki kadiri mfuko unavyoruhusu. Itawaka vizuri alfajiri, ina sabuni ya kutosha, na bei yake ni nafuu. Kwa mabadiliko mawili yanayofuata filta ibadilishe katikati ya muda wake, kila ukiirudisha nyumbani kutoka safari ya pili, kwa sababu zile chembe za kahawa bado hazijaisha.